Kushusha Nyavu Bila Hakikisho

Mhadhara kuhusu kumwamini na kumtii Mungu, uliotolewa Longech, kando ya Ziwa Turkana, mbele ya viongozi wa makanisa, walimu na wavuvi

  

Mhadhiri anaanza kwa shukrani, hasa kwa kina mama waliowaachia watoto kazi ya kugeuza samaki juani ili wao waje kusikiliza maneno. Itakuwa aibu kuwarudisha nyumbani na maneno matupu, kwa hiyo atajitahidi kusema juu ya mambo yaliyotukia, mahali panapojulikana, na miaka yake.

Lengo la mhadhara ni kueleza maana ya kumwamini na kumtii Mungu wakati ambapo hakuna ajuaye kesho italeta nini. Dai lenyewe lisemwe mapema, ili anayetaka kulipinga apate muda wa kujiandaa: Mkristo amepewa wajibu, hakupewa habari za matokeo. Anayechanganya mambo hayo mawili hupotea kwa njia mbili. Wapo wanaokaa wakingojea uhakika usiofika, na wapo wanaomfuata yeyote anayekuja kuwauzia uhakika huo. Turkana imeyaona makundi yote mawili.

Kabla ya hoja, heshima kwa wenyeji. Waliofika na Biblia hawakulikuta ziwa hili bila habari za Mungu. Akuj, Mungu wa Waturkana, alikuwa akiombwa mvua zamani. Na kuna simulizi ya Lokerio, emuron (mwaguzi) mashuhuri wa karne ya 19, ambayo mwanahistoria John Lamphear aliiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu vita vya Waturkana: Lokerio aliyapiga maji ya ziwa hili kwa fimbo, yakagawanyika, na mashujaa wakavuka kwenda upande wa mashariki kutafuta ngamia. Mzee wa hapa anaposomewa kitabu cha Kutoka kwa mara ya kwanza, huenda akauliza tu kwa nini Musa alivuka bila ngamia.

Ipo pia habari ya Nayeche, mama aliyefuata nyayo za fahali aliyepotea hadi nchi asiyoijua, akakuta matunda ya mwituni na malisho, na watu wakamfuata. Mlima Moru Anayeche unabeba jina lake mpaka leo. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamsifu Abrahamu kwa kutoka bila kujua aendako. Hapa kuna jamii nzima ambayo husimulia mwanzo wake kwa namna hiyohiyo.

Hoja ya kwanza: Kutojua ndiyo hali ya kawaida ya mwamini

Mahubiri mengi huichukulia hali ya kutojua kama ugonjwa unaopaswa kuponywa. Omba zaidi, funga zaidi, na Mungu atakufunulia. Lakini tazameni ziwa lenyewe.

Karibu maji yote ya Ziwa Turkana huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Ujenzi wa bwawa la Gibe III ulipoendelea huko juu, watafiti walionya kwamba ziwa litashuka, na kwamba Ghuba ya Ferguson, hii inayotenganisha Longech na Kalokol, itaumia mapema kwa kuwa maji yake si ya kina. Bwawa lilizinduliwa Desemba 2016. Mapema mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba kina cha ziwa kilikuwa kimepungua kwa takriban mita 1.5 tangu Januari 2015. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za taifa za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mvuvi akaambiwa ajiandae kwa ziwa linalokimbia.

Kisha maji yakapanda. Kuanzia mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019, maziwa ya Bonde la Ufa yalifura, na Turkana likafura nayo. Hapa Longech mnajua kuliko mhadhiri ni boma la nani lilichukuliwa kwanza, na ni nani aliyebomoa nyumba yake ya makuti ya mkoma akaijenga upya hatua kadhaa nyuma, kisha akaibomoa tena. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likatoa ripoti inayosema mafuriko ya ziwa hili huenda yakawa ya mara kwa mara katika miaka ijayo.

Mtu asitoke hapa akidai kwamba wataalamu walisema uongo. Bwawa lilipokuwa likijazwa, ziwa lilishuka kweli, na bwawa lipo bado. Ila mvua nayo ilikuwa na lake la kusema, na hakuna aliyejua litakuwa kubwa kiasi gani.

Mifano mingine ipite haraka. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Zaidi ya miaka 10 baadaye Turkana ilikuwa bado inangoja yachimbwe kwa kiwango kamili cha biashara. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kuna bahari ya maji ya kutosha taifa zima kwa miaka mingi. Visima vilipopimwa baadaye, maji yakaonekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa.

Sasa, ikiwa wenye setilaiti na mitambo hawaoni mwisho wa jambo, kwa nini Mkristo aone aibu kukiri kwamba naye haoni? Paulo, katika Matendo sura ya 20, anawaambia wazee wa Efeso kwamba anakwenda Yerusalemu bila kujua yatakayompata huko, isipokuwa kwamba vifungo na dhiki vinamngoja. Naye alikwenda. Mtume aliyeandika karibu nusu ya vitabu vya Agano Jipya alisafiri akiwa hajui. Inashangaza kwamba mwumini wa leo akikosa kujua, huambiwa imani yake ina kasoro.

Hoja ya pili: Tumaini halimwondolei mtu kazi

Hii ni hoja fupi, lakini kuipuuza ndiko kunakozamisha watu.

Wapo wavuvi wanaotoka usiku bila jaketi la kujiokolea, wakisema Mungu ndiye mlinzi. Upepo wa kusini-mashariki wa ziwa hili hauulizi mtu ni wa dhehebu gani, na mamba hawaulizi pia. Someni Matendo sura ya 27, ambayo kwa maoni ya mhadhiri ndiyo sura inayowafaa zaidi watu wa ufuoni katika Biblia nzima. Meli ya Paulo imepigwa na dhoruba siku nyingi. Paulo amepata ahadi wazi kabisa: hakuna nafsi itakayopotea. Baada ya ahadi hiyo, mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua ndogo, naye anamwambia akida kwamba hao wasipobaki melini, wengine hawawezi kuokoka. Kisha anawahimiza watu wale chakula, na ngano iliyobaki inatupwa baharini ili meli iwe nyepesi. Mwishowe wanaojua kuogelea wanaogelea, na wasiojua wanashika mbao.

Ahadi ilitimia kwa mikono ya mabaharia, mkate na mbao. Paulo hakuona mgongano wowote hapo. Kwa hiyo kamati ya usimamizi wa ufuo inaposema mashua isitoke bila jaketi, au makokoro yenye matundu madogo yasiburutwe ndani ya ghuba ambamo tilapia huzaliana, mwamini asijifiche nyuma ya maombi. Kutii kanuni hiyo ni sehemu ya kumcha Mungu aliyewaumba samaki hao na watoto watakaowavua miaka 20 ijayo. (Vijana wa nyuma, msicheke. Kila mtu hapa anajua makokoro ya nani yanazungumziwa.)

Hoja ya tatu: Utii hupimwa kwa jambo la leo

Hapa mhadhiri anaomba muda zaidi, kwa sababu ushahidi wenyewe uko ng'ambo ya ghuba na kila mmoja wenu ameupita.

Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na ndiyo maana ilifaa kwa kuwafungia watu: Jomo Kenyatta na wenzake waliwekwa Lokitaung, naye akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 uliua mifugo mingi kiasi kwamba serikali iliwaruhusu wamisionari waingie kusaidia. Wakaja mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wale wa Kiltegan kutoka Ireland. Wakaja masista wa Medical Missionaries of Mary. Africa Inland Mission ikaanza kazi Lokori, ambako daktari Dick Anderson alitibu wagonjwa. Hapa kwenye Ghuba ya Ferguson waliopoteza mifugo walikusanywa, wakapewa chakula na nyavu.

Kazi hizo zilianza kwa unga, sindano na darasa chini ya mti. Mwaka 1968 Lodwar ikawa eneo la kanisa linalojitegemea, mwaka 1978 ikawa jimbo kamili, na John Mahon akawa askofu wake wa kwanza. Zahanati na shule nyingi za kaunti hii zilizaliwa na miaka ile. Si kwamba kila kitu kilikuwa chema. Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba vituo vya chakula viliwazoesha watu kukaa wakisubiri lori. Lakini mgonjwa aliyetibiwa mwaka 1962 alikuwa ametibiwa, hata kama mpango wa mwaka uliofuata ungevunjika.

Sasa linganisheni na jengo la Kalokol.

Katika miaka ya 1970 ghuba hii ilitoa samaki wa kushangaza. Mwaka 1976 ulikuwa kilele, zaidi ya tani 15,000 katika ziwa zima, nyingi yazo tilapia wa hapa. Norwe ilikuwa mfadhili mkuu. Ilisaidia chama cha ushirika cha wavuvi, ikagharimia barabara kutoka Kitale hadi Lodwar na ufuoni, na ikajenga Kalokol kiwanda cha kugandisha minofu ya samaki kwa ajili ya masoko ya mbali. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kikafanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki katika joto la Turkana kulihitaji umeme uliogharimu kuliko samaki wenyewe, na kulihitaji maji safi mengi mahali ambapo watu wenyewe walikosa ya kunywa. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ghuba ikaanza kukauka, na tilapia wakatoweka nayo. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu ya kesi ya mwanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere, na wafadhili wakaondoka.

Waandishi wa Ulaya hupenda kusimulia kisa hiki kwa kusema kwamba Waturkana ni wafugaji ambao hawakujua samaki. Si kweli. Waturkana wa ufuoni walivua kwa vikapu na kwa vyelezo vya magogo ya mkoma kabla hajazaliwa mzungu yeyote wa mradi ule. Kosa lilikuwa kwingine. Mpango ulitaka ziwa litulie, bei ya umeme itulie, soko litulie, na siasa za Nairobi zitulie, zote kwa pamoja, kwa miaka mingi. Barabara iliendelea kutumika. Jengo lilibaki kama mnavyoliona. Na kina mama, ambao hawakuwekwa katika hesabu za kugandisha, waliendelea kupasua, kutia chumvi na kuanika, wakawauzia wafanyabiashara wa Kitale na Kisumu, kama wanavyofanya mpaka leo.

Kumtii Mungu kunafanana na kazi ya zahanati zaidi kuliko hesabu za kiwanda. Kunasimama hata kesho ikigeuka, kwa sababu kinachopimwa ni kama agizo la leo limetendwa. Yeremia, sura ya 32, ananunua shamba huko Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli na yeye mwenyewe amefungwa. Hakuna ardhi iliyokuwa na bei mbaya kuliko ile. Anapima fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, na hati inawekwa ndani ya chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Hakuliona shamba hilo likilimwa.

Na Petro, katika Luka sura ya 5, anaambiwa ashushe nyavu mchana baada ya usiku mtupu. Wahubiri wasiovua huikimbilia ile idadi ya samaki. Wavuvi waliopo hapa wataona jambo lililotajwa kabla yake: wavuvi walikuwa wakiosha nyavu zao. Anayejua kuosha nyavu baada ya kukosa usiku kucha anajua lilikuwa ombi la namna gani. Petro alisema wazi kwamba walifanya kazi usiku kucha bila kupata kitu, kisha akashusha.

Hoja ya nne: Kumtii Mungu si kumtii kila anayesema kwa jina lake

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi. Hadi ufukuaji ulipositishwa, zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa, mingi ya watoto. Waliokufa walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa lililoitwa Good News International, ambaye waendesha mashtaka wanasema aliwaagiza wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Yeye alikana mashtaka mahakamani.

Mhadhara juu ya utii unaotolewa Kenya leo bila kulitaja Shakahola hauna uaminifu. Watu wale hawakuwa wazembe wa dini. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakatoka kaunti za mbali. Walitii kuliko wengi wetu. Ndiyo sababu haitoshi kuwahimiza watu watii tu. Lazima wafundishwe kumpima anayeagiza.

Biblia ina vipimo, na havihitaji shahada ya theolojia. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, wanasifiwa kwa sababu walimhoji hata Paulo kwa kuyachunguza maandiko kila siku. Mhubiri anayekataza maswali anaogopa kitu ambacho Paulo hakukiogopa. Kipimo kingine ni kutazama gharama inamwangukia nani. Wanaopenda kuitumia Mwanzo 22 kudai kafara wasome hadi mwisho, pale mkono wa Abrahamu unapozuiwa na mtoto anashuka mlimani akiwa hai.

Yupo pia Hanania wa Yeremia 28. Huyu aliahidi kwamba ndani ya miaka 2 kamili utumwa wa Babeli utakwisha na vyombo vya hekalu vitarudi. Ulikuwa ujumbe mtamu, wenye tarehe. Yeremia mwenyewe aliuitikia kwa amina, maana alitamani uwe kweli, kisha akaleta neno la Mungu lililokuwa kinyume. Wauzaji wa tarehe hawajaisha. Kuna wanaotaja mwezi ambao utapata kazi, mradi upande mbegu kwa namba ya M-Pesa inayopita chini ya skrini. Mvuvi aliyekosa samaki wiki nzima ndiye mteja wao mwepesi, kwa sababu anauziwa kile alichonyimwa na ziwa: uhakika.

Hoja ya tano: Tusimthibitishe Mungu kwa waliofanikiwa peke yao

Ndugu mliotoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hoja hii ni yenu, na inamhitaji mwanariadha Lopez Lomong.

Lomong alizaliwa Kimotong, kusini mwa Sudan. Mwaka 1991, akiwa na miaka 6, alinyakuliwa na wapiganaji kanisani, wakati wa misa, mbele ya wazazi wake. Aliwatoroka kwa msaada wa wavulana watatu wakubwa, wakakimbia siku kadhaa hadi wakaangukia mikononi mwa walinzi wa mpaka wa Kenya. Akaishi Kakuma miaka 10. Mwaka 2000 alitembea na wenzake hadi nyumba yenye televisheni, wakalipa shilingi 5 kutazama Michezo ya Olimpiki ya Sydney, akamwona Michael Johnson akikimbia. Mwaka 2001 alichukuliwa na familia moja huko Tully, jimbo la New York. Mwaka 2007 akapata uraia, na Agosti 2008 akabeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Yeye mwenyewe humshukuru Mungu waziwazi kwa njia hiyo yote, na ana haki.

Tatizo linaanza pale sisi tunapochukua kisa chake na kukifanya kanuni. Marekani iliwachukua karibu vijana 3,800 wakimbizi wa Sudan kama yeye. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari zikasimamishwa. Waliobaki Kakuma hawakuwa wameomba kidogo. Walikuwa wakiimba kwaya zilezile, wakifunga Kwaresima ileile. Wengine wakawa walimu wa shule za kambini, wengine makatekista na wachungaji, na kizazi kingine kikazaliwa hapohapo. Nani atasimama mimbarini kutoa ushuhuda wao? Mara nyingi hakuna, kwa kuwa ibada zetu za ushuhuda huwaita waliopata viza, mtoto au gari.

Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulipunguzwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili kwa sababu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikosa fedha. Julai watu wakaandamana. Katika hali hiyo, mtu akimwambia mama mwenye watoto wanne kwamba angeamini zaidi angekuwa Marekani, anamtukana yeye na Mungu wake pamoja.

Habakuki anafaa kusomwa hapa. Anamaliza kitabu chake kwa kuorodhesha: mtini hauchanui, mizabibu haina kitu, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kondoo, banda halina ng'ombe. Na bado anasema atamfurahia Mungu. Kati ya Oktoba 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika maeneo makavu ya Kenya. Mturkana aliyehesabu mizoga hahitaji kufafanuliwa orodha ile. Februari 14, 2023 taifa liliomba mvua katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, na Machi mvua ikaanza. Wengi walisema tazama, sala imejibiwa. Mhadhiri aliomba pia na alishukuru pia. Lakini angeuliza: waliokuwa wakiomba Lokichar na Lokitaung tangu mwaka 2020, sala zao zilikuwa na upungufu gani? Asiye na jibu la heshima kwa swali hilo ashukuru kimyakimya.

Na ile shehena ya Petro? Luka anamaliza kwa kusema kwamba walizileta mashua nchi kavu, wakaacha vyote, wakamfuata. Mavuno makubwa kuliko yote ya maisha yao waliyaacha ufuoni siku ileile. Hawakuyapokea kama mshahara wa utii wao.

Kutoka hapa

Miaka iliyo mbele italeta maamuzi ambayo hayatangoja uhakika. Maji yakiendelea kupanda, Longech italazimika kuamua shule na makanisa yajengwe wapi, na ni nani ng'ambo ya ghuba atakayewapokea wanaohama. Kakuma imo katika Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, unaokusudia kuwafanya wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na masoko yaleyale. Makanisa yatakuwa na la kufanya hapo mapema kuliko ofisi. Mafuta nayo yakitoka kweli, pesa itafika na ugomvi wake.

Mhadhiri anapendekeza mambo machache ya kuanza nayo. Kila kanisa la ufuoni lichague watu wawili wa kuandika mahali maji yanapofikia kila mwezi, na kumbukumbu hiyo ikae pamoja na daftari la ubatizo, ili anayekuja kujenga asijenge kwa kukisia. Makanisa ya Longech na Kalokol yaanzishe mfuko mmoja wa jaketi za kujiokolea, bila kujali dhehebu. Wachungaji wa Lodwar wanaoombwa kuwapokea wahubiri wageni wakubaliane maswali ya kuwauliza kabla ya kuwapa mimbari. Na katika ibada za ushuhuda, angalau mara moja kwa mwezi, aitwe mtu ambaye ombi lake bado halijajibiwa, aeleze anaishije.

Mwenyekiti ana majina ya wanaotaka kuuliza. Mhadhiri angeomba aanze na yule mzee wa pembeni ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu hoja ya pili, kisha kina mama, maana samaki wako juani.